Shajara ya mradi: vanishi angavu ya kuchelewesha moto kwa dari la saipresi

4 Machi

Kazi imethibitishwa. Mama mwenye hoteli ya nyama choma huko Ngong Road, Nairobi, ameweka dari la mbao za saipresi ukumbi mzima, kutoka mlangoni hadi karibu na jiko, na mkaguzi wa moto amemwambia mbao haziwezi kukaa hivyo zilivyo. Rangi nyeupe ya kuzuia moto ipo madukani, inajulikana, na inafanya kazi. Tulipomtajia, alituangalia kwanza. "Nimemlipa fundi anipangie hizi mbao macho yake yote yaonekane, halafu nyinyi mniletee chokaa?"

Kwa hiyo ni vanishi, na iwe angavu. Hapa karakanani Kariobangi tumekuwa tukiichezea fikra hii tangu mwaka jana bila mtu wa kuilipia. Sasa yupo.

Niandike mapema tunachomuuzia, ili tusije tukasahau mbele ya mteja. Vanishi ya aina hii haifanyi mbao zisiungue. Mbao laini kama saipresi, moto ukishashika sawasawa, huliwa kwa kasi ya milimita 0.65 hivi kwa dakika; hiyo ndiyo namba wahandisi wa Ulaya wanayotumia kwa mbao za jamii hiyo, na hakuna vanishi itakayoibadilisha kwa saa nzima. Tunachouza ni dakika za mwanzo. Moto wa jikoni ukipanda, gesi ya moto na moshi hujikusanya chini ya dari kabla ya kwenda kokote. Joto hapo juu likifika nyuzi 500 hadi 600, mnururisho wake unaoshuka unatosha kuwasha vitambaa vya meza, viti na kila kilichomo kwa pamoja, na chumba kizima kinalipuka kuwa moto mmoja. Dari lenyewe likiwa linachangia mwali, wakati huo unakuja haraka zaidi. Likikataa kuchangia kwa dakika kadhaa, watu wametoka.

Ulaya hupanga vifaa vya ujenzi kwa herufi, A1 hadi F. Mbao tupu kwa kawaida huangukia D. Zikipakwa inavyotakiwa hupanda hadi B. Hatua hizo mbili ndizo tunazozitafuta.

11 Machi

Tumeanza na njia ya kitabuni, kwa sababu kijana wetu mpya hajawahi kuiona kwa macho.

Rangi za kuzuia moto zinazofura zina viungo vitatu. Cha kwanza ni chanzo cha asidi, kwa kawaida amonia polifosfeti. Cha pili ni chanzo cha kaboni, pentaerithritoli, aina ya pombe iliyo unga mweupe yenye vikundi vinne vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoshikana). Cha tatu ni cha kutoa gesi, melamini. Moto ukija, polifosfeti inaachia asidi ya fosfori, asidi inanyang'anya pentaerithritoli maji na kuiacha kaboni, na melamini inatoa gesi inayovimbisha ule ujiuji kabla haujagumu. Matokeo ni povu jeusi lenye vishimo vingi vya gesi ndani yake, na gesi iliyofungwa ni mpitishaji mbaya sana wa joto. Hati miliki ya kwanza ya mfumo wa namna hii ilitolewa Marekani mwaka 1938, na ilikuwa kwa ajili ya mbao, kama sisi.

Shida yetu inaonekana mara tu unapoikoroga. Tulitia unga wa vile vitatu kwenye vanishi safi ya maji, tukapaka ubao mmoja. Ukatoka mweupe kama ukuta wa zahanati. Kijana akauliza kama tumekosea kipimo. Hapana, vipimo viko sawa.

Kila kitu angavu hupinda mwanga kwa kiasi chake. Hewa ni 1, maji 1.33, plastiki na vanishi nyingi zinazunguka 1.5. Titani dioksidi, ile inayotiwa rangi nyeupe ili ifunike, ni karibu 2.7. Mwanga ukitoka kwenye kitu cha 1.5 ukaingia kwenye punje yenye kiasi tofauti, unageuzwa njia. Ukikutana na punje maelfu unatawanyika kila upande, na jicho linaona weupe. Polifosfeti peke yake iko karibu na vanishi, haitawanyi sana. Melamini ndiyo iko juu, inapita 1.8. Halafu kuna ukubwa: mawimbi ya mwanga tunaouona ni nanomita 400 hadi 700, na punje za unga wetu ni mikromita kumi na zaidi, yaani nanomita elfu kumi na kwenda juu. Haziwezi kujificha.

Wapo wanaosema saga zaidi, fikisha chini ya nanomita 50, weupe utapotea. Ni kweli, utapotea. Lakini kinu cha kusaga hivyo hatuna, na hata tungekuwa nacho, unga mdogo hivyo una uso mkubwa mno wa kugusana na unyevu. Polifosfeti huyeyuka kidogo kidogo kwenye maji. Ukiisaga sana unaiharakisha. Nimeifunga njia hiyo.

19 Machi

Njia iliyobaki ni kutotumia unga kabisa: vile vitatu vifungwe ndani ya mnyororo wa polima wenyewe, yaani molekuli ndefu zinazounda vanishi, pasiwe na punje ya kutawanya mwanga.

Asidi ya fosfori ina vikundi vitatu vya haidroksili vinavyoweza kuungana na pombe. Ukiipasha pamoja na pentaerithritoli polepole, maji yanatoka na viwili vinaungana kuwa esta ya fosfeti, yaani zao la asidi na pombe kushikana, yenye umbo la pete. Katika molekuli moja sasa una chanzo cha asidi na chanzo cha kaboni. Kilichobaki ni gesi, na hiyo inatoka kwenye gundi ya melamini na fomaldehaidi, ile jamii ya gundi inayotumika kwenye mbao za kubandika na juu ya meza za plastiki ngumu. Gundi hiyo inahitaji asidi ili igande. Esta yetu bado ina haidroksili moja ya asidi isiyofungwa. Kwa hiyo chanzo cha asidi ndicho pia kigandishi. Viwili vikikutana vinashikana vyenyewe bila kupashwa moto. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda ya mradi wote, na sina aibu kuiandika.

Tulichokifanya leo: asidi ya asilimia 85 kwenye chupa ya shingo tatu, pentaerithritoli ikitiwa kijiko kwa kijiko, joto likishikwa karibu na nyuzi 120, bomba la maji baridi likitiririka upande. Unga wa mwisho ulichukua muda kuyeyuka, halafu ghafla chupa ikawa safi kabisa, unaweza kusoma gazeti lililo nyuma yake. Tukaacha maji yaendelee kutoka hadi matone yakakoma kwenye bomba.

Nafasi ya kupaka baada ya kuchanganya ni saa chache tu, kwa hiyo itauzwa mikebe miwili, A na B. Fundi seremala mzee tunayefanya naye kazi hajafurahia. "Daktari," aliniambia, ananiita hivyo kwa sababu ya koti jeupe, "fundi akienda chai akirudi akute kitu imekuwa jiwe, utalipa wewe?" Nikamwambia achanganye ya kutosha nusu siku. Akasema mafundi anaowajua yeye hawapimi nusu siku. Hoja yake ina uzito, tutaweka mikebe midogo.

Fomaldehaidi: ni kisababishi cha saratani kinachojulikana, hakuna mjadala. Milango miwili ilikuwa wazi na feni inavuta nje. Gundi tuliyonunua ni ile yenye fomaldehaidi huru kidogo, ni ghali zaidi, na hapo sipunguzi bei.

27 Machi

Siku ya moto.

Mitambo mizuri ya kupimia kazi hii ipo duniani. Ule unaoheshimiwa zaidi ni kalorimita ya koni, uliobuniwa na Vytenis Babrauskas huko Marekani mwaka 1982. Unapasha kipande cha sentimita kumi kwa kumi kwa mnururisho, kisha unapima ni oksijeni kiasi gani imetumika, kwa sababu karibu kila kitu cha kikaboni kikiungua hutoa megajuli 13.1 hivi kwa kila kilo ya oksijeni kinayoila. Mtafiti Thornton aliliona jambo hilo mwaka 1917 na mwenzake Huggett akalithibitisha kwa vifaa vya majengo mwaka 1980. Ni kipimo cha busara sana. Sisi tuna kabati la mabati.

Kabati lenyewe ni la heshima, lakini. Linafuata njia ya ASTM, shirika la viwango la Marekani, ya kupimia rangi kwa kabati: ubao unalazwa kwa mwinamo wa nyuzi 45, uso uliopakwa ukiangalia chini, na chini yake kikombe kidogo cha shaba chenye mililita 5 za ethanoli safi. Unawasha, unaacha kikombe kiungue chote, kisha unapima ubao umepoteza uzito kiasi gani na umechomeka kwa kina gani. Mlango una kioo. Fundi wa mabati jirani yetu alilitengeneza kwa siku moja, akauliza kama ni la kufugia sungura.

Ubao mtupu kwanza. Mwali ulilamba, mbao zikatoa moshi, kisha uso wenyewe ukashika. Mwali ukapanda hadi ukingo wa juu na ukaendelea hata baada ya kikombe kwisha. Kinachoungua pale ni gesi inayotoka kwenye mbao. Selulosi ikipita nyuzi 300 hivi inavunjika kuwa mvuke unaowaka, mvuke unawaka, joto la mwali linarudi kuvunja selulosi zaidi, na mzunguko umejifunga. Kazi yote ya kuchelewesha moto ni kuukata mzunguko huo mahali fulani.

Ubao uliopakwa. Mwanzoni hakuna kitu, vanishi inang'aa tu. Halafu inalegea, unaona mng'ao unatembea kama uso unatokwa jasho. Vipovu vidogo vya kwanza vinatokea pale ncha ya mwali inapogusa, vyeupe, kisha hudhurungi, kisha vyeusi, na kabla hujamaliza kumwita mwenzako uso mzima umeinuka. Kijana alipiga kelele, "Inafura kama mandazi!" Ikawa ndilo jina lake hapa karakanani. Mwali ulipogusa lile povu ulianza kuteleza pembeni, ukikosa cha kula. Kikombe kilipokwisha, moto ukazimika nao.

Tulilikata povu kwa kisu. Juu ni gumu kidogo na vishimo vyake ni vidogo sana. Chini vishimo ni vikubwa na kuta zake nyembamba. Chini kabisa, mbao zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, milimita chache tu, na mistari ya ubao bado inasomeka. Ukilipitishia kidole povu linavunjika na kuwa masizi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu dari: povu linaloning'inia kichwa chini halina cha kuliegemeza isipokuwa mnato wake lenyewe.

Asidi haifanyi kazi kwenye vanishi peke yake. Inaingia kwenye mbao pia, na hapo inaigeuza selulosi njia. Badala ya kuvunjika kuwa mvuke unaowaka, selulosi inapoteza maji yake mapema, kwenye joto la chini zaidi, na kubaki makaa. Mbao zinaanza kuharibika mapema ili zisiwake baadaye. Gay-Lussac alilifahamu jambo la jamii hii Ufaransa mwaka 1821, alipoombwa na mfalme atafute namna ya kulinda vitambaa vya majumba ya michezo ya kuigiza. Mchanganyiko aliouona bora ulikuwa na fosfeti za amonia na boraksi. Miaka mia mbili, na bado tuko na fosfori mkononi.

Ya pembeni: Nairobi iko juu ya mita 1,600, na shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 83 ya lile la Mombasa. Sehemu ya oksijeni hewani ni ile ile, asilimia 21, lakini kila lita ya hewa imebeba kidogo. Mwali wa hapa una hewa nyembamba kuliko ule wa maabara za pwani au za Ulaya. Kwa hiyo namba zetu zitalinganishwa ubao kwa ubao, siku ile ile, kabati lile lile. Yeyote atakayetaka kuziweka kando ya jedwali la nje, asiziweke.

28 Machi

Tumejaribu kichwa chini kabisa, ubao ukiwa umefungwa juu na mwali wa gesi ukitoka chini. Vipande vya povu vilidondoka viwili vitatu. Tukatia silika laini sana, punje zake za msingi nanomita 7 hadi 40, kiasi cha asilimia chache. Silika inapinda mwanga kwa 1.46, karibu na vanishi, na ni ndogo mno, kwa hiyo uangavu haukuguswa. Ujiuji unakuwa mzito zaidi unapolegea na povu linashika. Leo halijadondoka. Silika inabaki.

8 Aprili

Mvua za masika zimeingia, na adui halisi amefika pamoja nazo.

Mbao tulizoziacha chini ya banda tangu wiki iliyopita zina ukungu mweupe. Si zote: ile iliyo karibu na ukuta wa ndani ni safi, iliyo ukingoni imekuwa ya maziwa, na ile ya katikati ina mstari unaoonyesha kabisa hadi wapi upepo wa mvua ulifika. Ukigusa ile ya ukingoni, kidole kinanata kidogo. Nilikata karatasi ya kupimia asidi iliyoloweshwa, nikaibandika pale. Ikawa nyekundu mara moja.

Maelezo yake hayana siri. Haidroksili zile za asidi zilizobaki bila kufungwa zinapenda maji. Unyevu wa hewa unaingia kwenye filamu, unajikusanya kuwa vijishimo vya maji vya kiasi cha 1.33 ndani ya kitu cha 1.5, na tumerudi kwenye fizikia ya tarehe 11 Machi: mwanga unatawanyika, jicho linaona weupe. Tuliondoa punje za unga, maji yakaja yakatengeneza zake. Ndicho kisa kinachoziandama vanishi za namna hii kila mahali, wala si Nairobi pekee. Kinachozifanya ziwe angavu na hodari kwenye moto, yaani fosfeti iliyofungwa kwenye polima, ndicho kinachozifanya zinywe maji.

Baya zaidi haliko kwenye weupe. Weupe unaweza kukauka ukaondoka, na mbao mbili zimerudi karibu kama zilivyokuwa baada ya kuwekwa ndani. Lakini maji yakikaa, yanakata kile kiungo cha fosfori, oksijeni na kaboni kilichoshika esta. Esta ikishakatwa, asidi inakuwa huru, inatambaa hadi juu, inafutwa na kitambaa cha yule anayesafisha, na fosfori imeondoka. Dari litabaki linang'aa na litaungua kama halikupakwa. Hilo siwezi kumuuzia mtu.

22 Aprili

Kazi ya wiki mbili hizi ni kupunguza asidi bila kuua povu.

Tuliziba sehemu ya zile haidroksili kwa butanoli, aina nyingine ya pombe, wakati wa kupika. Kila iliyozibwa ni mlango mmoja wa maji uliofungwa, na mkia wa butanoli haupendi maji. Ukungu ulipungua mara moja. Lakini kila iliyozibwa ni kigandishi kimoja pungufu, na fosfori inakuwa kidogo zaidi katika uzito ule ule wa vanishi. Ukiziba nyingi, vanishi inabaki laini, alama ya kucha inakaa, na povu linapungua kimo. Tumepanga mbao kwa safu, ya kushoto haina butanoli, ya kulia ina nyingi, na safu ile ile imepitishwa mara mbili: kwanza kwenye ndoo iliyofunikwa yenye maji ya moto chini, halafu kwenye kabati. Unatembea kutoka kushoto kwenda kulia unaona uangavu unapanda na povu linashuka. Tunachagua mahali fulani katikati, upande wa povu.

Jambo jingine limetokea ambalo halimo kwenye makala zozote nilizosoma, labda kwa sababu maabara hazigongi misumari. Fundi mzee alikuja na kipande cha dari alichokijaribu mwenyewe nyumbani kwake, akanionyesha: kila kichwa cha msumari kina pete nyeusi, pana kama shilingi. Asidi imekula chuma, chuma hicho kimekutana na tanini, dutu ya asili iliyomo kwenye mbao, kikawa cheusi na kuenea kwenye nyuzi zake, na vanishi angavu inakionyesha vizuri kabisa. "Daktari, hii dari imepata ndui." Misumari ya mabati yaliyopakwa zinki haiponyi, maana zinki nayo huliwa na asidi. Tumekubaliana vichwa vizamishwe na kuzibwa kwa puti kabla ya koti la kwanza, na kwa kazi mpya atumie misumari ya shaba nyeupe au ile isiyoshika kutu. Alisema ya shaba nyeupe nitamnunulia mimi.

6 Mei

Koti la juu.

Hata vanishi iliyozibwa vizuri inahitaji kifuniko dhidi ya mvuke wa jikoni. Poliuritheni angavu inazuia maji vizuri, lakini yenyewe ni chakula cha moto, na ikiwa nene inabana povu lisiinuke. Tulipaka unene tofauti juu ya vanishi ile ile. Nene sana: mwali unakimbia juu ya koti kwanza, kisha linapasuka vipande na povu linatoka kwenye nyufa tu, kati yake mbao zimechomeka. Nyembamba: linalegea pamoja na vanishi na kuinuka nayo. Kuna pia suala la wakati. Kulegea, asidi, gesi na kugumu lazima vifuatane kwa mpangilio huo. Gesi ikitangulia inatoroka, ikichelewa inapasua kaa lililokwisha kugumu. Koti la juu linaloleta ugumu wake mahali pasipofaa linavuruga foleni nzima.

Tumechagua koti moja jembamba la akiriliki ya maji, linalolegea mapema. Linazuia maji kidogo kuliko poliuritheni. Nimeridhika nalo kwa ndani. Kwa nje, hapana, na sitaki kubishana tena na mtu yeyote wa mauzo kuhusu hilo.

17 Mei

Tulienda hotelini kupima dari. Mama alitupa supu kabla hatujafungua kanda ya kupimia, halafu akaanza: na ngazi za nje je? Na ile pagola ya bustanini? Na viti vya sponji?

Ngazi za nje na pagola, hapana, mvua. Nikamweleza wazi kwamba vanishi itakayokaa huko itabaki na mng'ao bila kinga, na afadhali asipake kabisa kuliko kuamini kitu ambacho hakipo. Alinyamaza, akasema, "Basi angalau husemi uongo, mwanangu."

Viti ni hadithi nyingine. Kuna mtu alishampigia simu kumuuzia dawa ya kunyunyizia yenye bromini. Bromini inafanya kazi. Inaingia kwenye mwali wenyewe na kukamata vipande vya haidrojeni na haidroksili vinavyoendesha moto. Lakini dawa kadhaa za jamii ya etha za difenili zenye bromini ziliwekwa kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2009, na ile iitwayo deka ikafuata mwaka 2017, kwa sababu hazivunjiki, zinajikusanya kwenye mafuta ya mwili na zinaonekana hadi kwenye maziwa ya mama. Chupa aliyoonyeshwa haina maelezo ya kilichomo. Nilimshauri asiinunue, chochote kiwacho.

Kwa sponji kuna njia ninayoitamani. Kundi la Jaime Grunlan huko Texas limekuwa likichovya sponji ya poliuritheni kwenye kitosani, kisha kwenye udongo laini wa montimorilonaiti, kwa zamu, tabaka juu ya tabaka za nanomita chache. Tabaka hizo kwenye kioo ni angavu kabisa, na kwenye sponji zinazuia isiyeyuke na kudondosha matone ya moto. Kitosani hutengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. Mombasa maganda hayo yanatupwa. Hilo ni la daftari jingine, nimeliandika lisipotee.

3 Juni

Dari limepakwa, nusu ya kwanza.

Fundi alisugua kwa msasa kwanza, kufuata mistari ya mbao, akafuta vumbi kwa kitambaa kilicholowa thina na kuacha ikauke. Vichwa vyote vya misumari vina puti. Unene ndio kila kitu kwenye kazi hii, na jicho halioni unene wa kitu angavu. Koti moja na makoti matatu yanafanana ukiwa chini unaangalia juu. Kwa hiyo tunapima kwa njia mbili. Kichana cha chuma kinabanwa kwenye vanishi mbichi na kusoma meno yaliyolowa, na mkebe unapimwa kwenye mizani kabla na baada ya kila kipande cha dari tulichokipigia chaki. Gramu ambazo hazikutoka kwenye mkebe haziko darini. Mafundi wawili vijana walicheka mwanzoni. Kipande cha tatu kilipotoka pungufu walirudi wenyewe kukipaka tena bila kuambiwa.

Baridi ya Juni inachelewesha kuganda. Asubuhi ya leo koti la jana lilikuwa bado linanata, saa nane mchana likawa sawa. Nimeamuru koti lisipakwe kabla ya saa nne asubuhi, wala baada ya saa tisa alasiri, ili umande wa usiku ukute limeshafunga.

Mbao tatu tulizopaka siku hiyo hiyo, kwa mkebe ule ule, zimebanwa kwenye ukuta wa stoo ya hoteli, karibu na jiko, zipate mvuke na mafuta yale yale. Moja itashushwa na kuchomwa kabatini baada ya miezi sita, ya pili baada ya mwaka, ya tatu baada ya miaka miwili. Mama amekubali, kwa sharti kwamba tuje tuchomee hapo hapo aone.

10 Juni

Nusu ya pili imekwisha, koti la juu kesho kutwa kama jua litatoka.

Maneno ya mkebe yamekubaliwa: kwa ndani pekee, gramu kwa mita mraba zimeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina letu, usioshe kwa maji, futa kwa kitambaa kikavu, ukiona ukungu mweupe usioondoka, piga simu kabla ya kupaka kitu kingine juu yake. Fundi mzee ametaka liongezwe moja: changanya ya nusu siku tu. Limeongezwa.

Sampuli za kupeleka kwenye maabara yenye kalorimita ya koni zimekatwa, sentimita kumi kwa kumi, na zimefungwa kwa nailoni pamoja na pakiti za kufyonza unyevu. Bila cheti hicho hatuuzi mkebe wa pili kwa mtu mwingine. Wiki ijayo tunaanza na mkangazi. Una tanini nyingi kuliko saipresi, kwa hiyo natarajia zile pete nyeusi zitakuwa mbaya zaidi, na nimeshamwambia fundi anitafutie misumari ya shaba nyeupe. Risiti ninayo mimi.